Wawili kutoka kila shule

Hotuba kwa wajumbe wa baraza la vijana wa shule zetu za sekondari, Morogoro. Nimeiandika kama nilivyoisema, kwa ajili ya wajumbe na wazazi ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Marahaba, wanangu. Marahaba. Ketini.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Katibu, wajumbe wote, walimu wenzangu, wazazi mliofika, niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa.

Binti yangu Mwenyekiti, nimekuita Mheshimiwa na nina wajukuu wa rika lako. Nimekuita hivyo kwa kumaanisha. Wenzako walipanga foleni juani, wakatumbukiza karatasi kwenye boksi lililozibwa kwa gundi, na jina lako likatoka. Heshima hiyo umepewa na watu. Ipokee.

Na ninyi wengine nawashukuru kwa kuja wakati wa likizo. Najua nyumbani kuna mahindi ya kuvuna, na kuna mama aliyeuliza, "Kikao gani tena hicho?" Tutajaribu kumpa mama jibu.

Niliombwa nizungumze juu ya uongozi. Juu ya uongozi mmeshasikia mengi: kiongozi awe mfano, kiongozi awe na nidhamu, kiongozi awe na maono. Yote ni kweli na sina la kuongeza. Leo nataka kuzungumza juu ya wale ambao hawamo ukumbini. Kila mmoja wenu hapa amekuja na mwenzake mmoja. Mko wawili kutoka kila shule. Lakini nyuma ya wawili hao kuna mia nne, kuna mia nane, kuna shule yenye wanafunzi elfu moja na zaidi. Hao ndio nataka tuwazungumzie.

Nianze na maneno mawili tu ya lugha yetu, maana lugha yetu imeshatufanyia nusu ya kazi.

Neno la kwanza ni baraza. Nani hapa ana ndugu Pwani? Inueni mikono. Bagamoyo, Tanga, Unguja? Wengi, vizuri. Basi ninyi mmeshaiona baraza kwa macho kabla ya kuchaguliwa kuingia humu. Ni ile sehemu ya mbele ya nyumba, benchi la mawe lililojengwa kushikana na ukuta. Jua likishapoa watu hukaa pale, kahawa inapita, bao linachezwa, habari za mtaa zinasemwa. Ukikaa barazani hujaingia ndani ya nyumba ya mtu, wala hauko barabarani. Mpita njia akitoa salamu anakaribishwa, anaketi. Na benchi ni moja, urefu wake mmoja. Mwenye nyumba anakaa pale pale alipokaa muuza samaki. Wakubwa wetu walipotafuta jina la kikao cha mawaziri walichukua neno hilo hilo. Mimi naomba msisahau lilikotoka. Ni mahali ambapo anayepita njia anaweza kuketi.

Neno la pili ni mjumbe. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Wahenga wakasema mjumbe hauawi. Kwa nini hauawi? Kwa sababu maneno aliyoyabeba si yake, ni ya waliomtuma. Sasa niulizeni: mjumbe ana safari ngapi? Nasikia mmoja anasema moja. Hapana, mwanangu. Mjumbe ana safari mbili. Kuna kwenda, na kuna kurudi. Aliyetumwa akafika, akala, akapigwa picha, akabaki huko huko, huyo tumwiteje? Mimi sijui tumwiteje, lakini mjumbe si jina lake.

Kwenda na kurudi. Shikeni hilo, kisha twende wote Soweto.

Ni mwaka 1976, Afrika Kusini, pembeni mwa jiji la Johannesburg. Serikali ya Makaburu imeagiza kwamba masomo kama hisabati na maarifa ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikana katika shule za watoto weusi. Hebu jiweke pale. Umejifunza hesabu kwa lugha nyingine, unaanza sekondari, unaambiwa kuanzia sasa hesabu ni kwa lugha ya anayekutawala, lugha ambayo hata mwalimu wako anaibabaisha. Wazazi waliokuwa kwenye bodi ya shule za Meadowlands walipopinga, wawili walifukuzwa na wenzao wakajiuzulu. Yaani mlango wa watu wazima ulikuwa umeshagongwa, na ukafungwa.

Nani walianza? Wengi wetu tukisikia Soweto tunafikiri ni vijana wakubwa wenye ndevu. Tarehe 17 Mei mwaka ule, waliokataa kuingia darasani walikuwa wanafunzi wa Orlando West Junior Secondary, shule ambayo watu waliiita Phefeni. Kidato cha kwanza na cha pili! Shule za jirani zikafuata. Na hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo kiini kilipo. Zile shule kubwa, Morris Isaacson, Naledi na nyinginezo, wanafunzi wake wa vidato vya juu agizo lile halikuwagusa moja kwa moja. Wangeweza kusema, "Hayo ni ya wadogo." Wangeweza kusema, "Sisi tuna mtihani." Ninyi wa kidato cha tano na cha sita mlioko hapa, semeni kweli: mara ngapi tumesema hayo ni ya wadogo?

Hawakusema hivyo. Jumapili, tarehe 13 Juni, wakakutana katika ukumbi kule Orlando. Kijana wa Morris Isaacson mwenye miaka 19, Tsietsi Mashinini, hodari wa midahalo, akatoa hoja kwamba Jumatano shule zote ziandamane. Wakaunda kamati ya kusimamia jambo hilo. Iliundwaje? Wawili kutoka kila shule.

Wawili kutoka kila shule. Kama ninyi.

Kisha wakafanya nini? Wakarudi. Walikuwa na Jumatatu na Jumanne tu. Hawakuwa na simu za mkononi, hawakuwa na kundi la ujumbe, na wazazi hawakuambiwa. Wale wawili walirudi kila mmoja shuleni kwake, wakawaeleza wenzao: saa fulani, njia fulani, bango liandikwe hivi. Jumatano asubuhi, tarehe 16, maelfu ya watoto wakatoka katika shule zao, kila shule kwa njia yake, wakielekea kukutana Orlando West. Sasa nawauliza, nani aliwatoa? Mashinini? Mashinini alikuwa wa shule moja tu. Naledi ilitolewa na wawili wa Naledi. Phefeni ilitolewa na watoto wa Phefeni. Kama wawili wa shule moja wangelala Jumatatu, shule ile isingetoka.

Yaliyofuata mnayajua. Polisi walifyatua risasi. Hastings Ndlovu alikufa. Hector Pieterson alikufa, yule mtoto aliyebebwa mikononi na kijana Mbuyisa Makhubo huku dada yake akikimbia pembeni, katika picha aliyoipiga Sam Nzima. Moto ukaenea nchi nzima. Tume ya serikali yenyewe ilihesabu watu 575 waliokufa hadi Februari mwaka uliofuata. Sitaki kupita hapo kwa haraka kana kwamba ni namba. Ni watoto waliotoka nyumbani na sare.

Naomba tukae kimya kidogo.

Asanteni.

Mwanzoni mwa Agosti ile kamati iligeuka kuwa baraza, Baraza la Wawakilishi wa Wanafunzi wa Soweto. Mwenyekiti wa kwanza Mashinini. Na hapa ndipo nataka tukae zaidi, kwa sababu mnapoadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika kila mwaka mnasikia habari za tarehe 16 tu. Mimi naona somo la baraza liko katika miezi iliyofuata.

Baraza lile liliwaomba wazazi wasiende kazini. Wafanyakazi wa Soweto ndio waliokuwa wakiendesha viwanda na majumba ya Johannesburg, kwa hiyo wasipokwenda, serikali itasikia. Wito wa kwanza ulikuwa mwanzoni mwa Agosti, wa pili tarehe 23 hadi 25. Wazazi wengi walikubali. Lakini katika Soweto kulikuwa na watu wengine, wanaume waliokaa kwenye mabweni ya vibarua. Walitoka mbali, wengi kutoka Natal, wake na watoto wao wamebaki kijijini. Kibali chao cha kukaa mjini kilikuwa kazi. Kazi ikipotea, na kibali kimepotea, na pesa ya kutuma nyumbani imepotea.

Je, watu hao waliulizwa? Hawakuulizwa. Walikuta wamepangiwa. Walikuta vijana wa umri wa watoto wao wanawaambia msipande treni. Katika wito ule wa pili, watu wa bweni la Mzimhlophe walitoka na silaha wakashambulia nyumba za majirani, na polisi wakawachochea. Watu wakafa. Mweusi kwa mweusi, jirani kwa jirani, na serikali ya Makaburu ikifurahi.

Ungekuwa wewe mjumbe wa baraza lile ungefanya nini? Nawauliza kweli. Ungesema wale ni wasaliti? Tu wepesi wa kusema hivyo. Ni rahisi sana kumwita msaliti mtu ambaye hukuwahi kumuuliza.

Wale vijana walikwenda mabwenini. Waliandika karatasi za kuwaeleza vibarua wenyewe, wakaenda kuzungumza nao, watoto wa shule mbele ya wanaume wazima waliokuwa wamepigana nao wiki chache zilizopita. Wito wa tatu ulitoka kwa ajili ya tarehe 13 hadi 15 Septemba. Watu wa mabwenini walikaa nyumbani pamoja na wengine. Ule ndio wito uliofanikiwa kuliko yote.

Mimi nimesoma habari nyingi za mashujaa katika maisha yangu. Kwangu mimi, kijana aliyevuka geti la bweni lile mwezi Septemba na karatasi mkononi, jina lake silijui, namweka juu sana.

Sasa nirudi nyumbani kwetu. Kila shule yenu ina bweni la Mzimhlophe. Ni nani? Inaweza kuwa wale wa kutwa katika shule yenye mabweni, ambao vikao hufanyika jioni wakiwa wameshapanda daladala. Inaweza kuwa wenzenu wenye ulemavu. Inaweza kuwa wale wanaokaa nyuma, walioitwa watukutu mpaka wakakubali jina. Inaweza kuwa mpishi wa shule, ambaye mnamlalamikia maharage kila siku na hakuna aliyemuuliza anapewa kuni kiasi gani. Mnapopitisha azimio, swali la kwanza liwe: nani halijamfikia?

Nitawaambia jambo langu mwenyewe. Sijalisema mbele ya watu wengi.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya sekondari, si ya mkoa huu, na nilipewa kazi ya ulezi wa serikali ya wanafunzi. Niliipenda. Nilinunua kaunta buku kwa pesa yangu, jalada jeusi, mgongo mwekundu, nikaandika juu yake "Kumbukumbu za Wawakilishi wa Madarasa". Kila Ijumaa mwakilishi wa kila darasa aliandika mambo ya darasa lake. Mimi nilisoma, nikaweka alama kwa wino mwekundu: "Imeonekana". Na saini. Niliona fahari kwa daftari lile. Wakaguzi walipokuja niliwaonyesha.

Kulikuwa na mwakilishi wa kidato cha pili B, msichana mdogo wa mwili, mwandiko wake wa kulala upande wa kushoto. Ijumaa ya kwanza aliandika: "Vyoo vya wasichana havina maji. Wasichana watano wa darasa letu hawakuja wiki hii." Nikaandika: Imeonekana. Ijumaa ya pili akaandika: "Vyoo vya wasichana havina maji. Wasichana saba hawakuja." Imeonekana. Ijumaa ya tatu hivyo hivyo. Imeonekana, na saini yangu nzuri.

Ijumaa ya nne aliandika mistari mitatu. "Darasa wameniuliza kama nilipeleka au sikupeleka. Nimewaambia nilipeleka. Naomba mwalimu aniandikie jibu hapa, nikawasomee."

Nikawasomee.

Walimu wenzangu, nilikaa na kalamu ile nyekundu mkononi muda mrefu. Sikuwa na jibu la kumwandikia. Ningeandika nini akasome mbele ya darasa? Imeonekana? Niliinuka nikaenda stoo. Kulikuwa na mapipa mawili matupu ya lita 200, yalikuwa pale tangu ujenzi wa maabara. Kisima kilikuwa hatua mia mbili kutoka vyooni. Tukapanga zamu ya kujaza, wavulana wakiwemo, na Jumatatu maji yalikuwepo. Jambo lile halikugharimu shilingi. Maji yalikuwepo majuma yote yale, na mapipa yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kulazimika kujibu.

Nimefikiri sana juu ya binti yule. Alikuwa na nguvu gani? Hakugoma. Hakupaza sauti. Hakunikosea adabu hata kidogo. Nguvu yake ilikuwa kwamba kila wiki alirudi darasani, akasimama mbele ya wenzake, akasema, "Nilipeleka, sijajibiwa." Wenzake wakamtuma tena. Angekuwa ni yeye peke yake na shida yake, angechoka wiki ya pili. Darasa zima lilikuwa nyuma yake, na yeye hakuliacha lisijue.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Ni kifungu kizuri. Lakini kusikilizwa si kuandikiwa "Imeonekana". Walimu, hili ni letu. Mjumbe akija ofisini mpeni jibu analoweza kwenda kulisoma. Hata kama jibu ni hapana. Hapana yenye sababu inabebeka. Kimya hakibebeki.

Na nikiwa hapo hapo kwa walimu. Naona mwenzangu mmoja kule nyuma ana wasiwasi, na wasiwasi wake naujua: mzee huyu amekuja kuwafundisha watoto kugoma. Hapana, ndugu yangu. Watoto wa Soweto waliingia barabarani baada ya kila sikio kuzibwa. Sisi hapa masikio tunayo. Mgomo wa shule ninaoujua mimi, na nimeona migomo miwili kwa macho yangu, haukuanza siku ya kuvunja vioo. Ulianza wiki nyingi nyuma, pale kiranja alipoulizwa mstarini hali ikoje akajibu "shwari" kwa sababu alijua ndilo jibu linalotakiwa. Ukitaka shule tulivu, tafuta mjumbe anayeweza kukwambia haiko shwari. Na mchague kwa kura za wenzake. Kuna shule zilizowakilishwa hapa leo ambazo majina ya wajumbe yaliandikwa ofisini. Sizitaji. Nazisihi tu kwamba mwakani zipeleke boksi madarasani.

Kuna jambo jingine la Soweto ambalo vijana hupenda kulisahau, nalo ni la kuondoka.

Mashinini alitafutwa na polisi, zawadi ikatangazwa kwa atakayemtoa, na Agosti ile ile akavuka mpaka. Hakuishi kuiona Afrika Kusini huru, alifia ugenini Guinea mwaka 1990. Baraza lilikufa? Halikufa. Khotso Seatlholo wa Naledi akashika uenyekiti. Naye Januari 1977 akalazimika kukimbia. Akashika Dan Montsisi wa Sekano Ntoane. Alipokamatwa katikati ya mwaka, akashika Trofomo Sono. Wenyeviti wanne katika muda usiofika mwaka na nusu! Na katika muda huo huo, Aprili 1977, serikali ilipotaka kupandisha kodi za nyumba za Soweto, watoto hao ndio waliosimama kwa ajili ya wazazi wao, na ongezeko likasitishwa. Kulikuwa na baraza jingine pale Soweto, la watu wazima, lililowekwa na serikali. Watu walikuwa wakiliita klabu ya wavulana wasio na faida. Lilikuwa na ofisi na majina makubwa. Katikati ya mwaka ule lilisambaratika, wajumbe wakajiuzulu, kwa sababu halikuwa na mtu nyuma yake. La wanafunzi, lisilo na hata ofisi, ilibidi lipigwe marufuku kwa tangazo la serikali, tarehe 19 Oktoba 1977, pamoja na vyama vingine.

Kwa nini walipata mwenyekiti mpya kila mara? Kwa sababu shule zilikuwepo. Mwenyekiti akiondoka, Naledi ipo, Sekano Ntoane ipo, Morris Isaacson ipo, na zinaweza kutuma wengine. Mwenyekiti wetu, usinielewe vibaya. Muda wako utakwisha, utakuwa na mtihani wa taifa, utaondoka. Kuanzia leo anza kumwonyesha kidato cha tatu mmoja jinsi ya kuandika ajenda.

Wengine wa vijana wale wa 1976, mnajua walifika wapi? Walifika hapa.

Hapa, Morogoro. Kutoka ukumbi huu hadi Mazimbu ni safari fupi ya daladala. Maelfu ya vijana walivuka mipaka baada ya Soweto, wengi wakiwa bado na umri wa shule, na ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, hakikuwa na mahali pa kuwasomesha. Serikali ya Tanzania ikatoa lililokuwa shamba la mkonge. Mwaka 1978 shule ikaanza. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili 1979, Makaburu walimnyonga Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyekuwa ameondoka nyumbani baada ya Juni 1976. Alikuwa na miaka 22. Shule ikapewa jina lake. Pakajengwa madarasa, mabweni, hospitali, shamba, hata kiwanda cha samani. Mwaka 1992 walipokuwa wanarudi kwao walituachia vyote, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Baadhi yenu kaka zenu wanasoma pale.

Nilikwenda pale wiki iliyopita nikijiandaa kwa siku hii. Nilikwenda makaburini. Wapo waliobaki Mazimbu, hawakurudi. Milima ya Uluguru iko mbele yao, kulikuwa na kipupwe, na kijana mmoja wa bustani alikuwa anafagia majani. Nilisoma majina na miaka. Nilikuwa nafanya hesabu ya umri kwa vidole, kama mwalimu yeyote angefanya, na kwenye mawe kadhaa niliacha kuhesabu.

Wanangu, nimemaliza la kusema, limebaki la kufanya.

Pale mezani kuna kaunta buku, moja kwa kila shule, jalada jeusi, mgongo mwekundu. Mzazi mmoja amezinunua, amekataa jina lake litajwe. Kila ukurasa nimeupiga mstari katikati kwa rula, mimi na mjukuu wangu, siku mbili tumefanya kazi hiyo. Upande wa kushoto mtaandika mlichotumwa, kwa maneno ya waliowatuma, na ni darasa gani. Upande wa kulia ni wa jibu: limetoka kwa nani, tarehe ngapi, na tarehe gani mmelisoma darasani. Hakuna nafasi ya kuandika "Imeonekana".

Kikao kijacho kila wawili waje na daftari lao. Hatutaanza na taarifa ya mwenyekiti, Katibu naomba uandike hilo. Tutaanza na upande wa kulia.

Sasa njoni wawili wawili. Waanze wa shule zilizotoka mbali, wana basi la saa tisa.